Mama Nyirabagenzi Anastaafu, Kesi ya Kitanda na Kabati Bado Haijaisha

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mama Nyirabagenzi anarudisha kofia yake ya pikipiki katika Depo ya Dawa Pwani baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Sumaya wa chumba cha friji, niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja tu, kwa heshima, na bila kutaja hata mara moja habari ya Kitanda. Heshima nimejaribu. Hayo mengine mawili yamenishinda.

Mama alizaliwa Mulenge, juu milimani, katika nyumba ya wafuga ng'ombe, akashuka Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, akiwa mke wa mwinjilisti. Depo ilimwajiri mwaka 2001 ili atunze friji za chanjo. Hakuajiriwa kuendesha kitu chochote. Lakini mwaka ule ule, siku ya kupeleka chanjo ya surua Mulenge, mwendeshaji wetu wa pikipiki aliamka na malaria, na mkuu wa wakati ule akauliza kama kuna mwingine anayejua kuendesha. Mama akasema anajua. Ulikuwa ukweli, ila haukukamilika. Alikuwa amepanda pikipiki ya mume wake mara moja tu, katika uwanja wa kanisa, na alizunguka uwanja huo mpaka mafuta yakaisha, kwa sababu kuanza alikuwa amefundishwa, kusimama bado.

Alifika Mulenge. Alisimama kwa kuingia katika migomba ya mchungaji. Chanjo zilikuwa baridi, watoto wote walichanjwa, na nyumba ya mchungaji ilikula ndizi mbichi kwa muda mrefu kuliko ilivyopanga. Aliporudi, hakuna aliyethubutu kumrudisha kwenye friji.

Pikipiki ile nyembamba, yenye matairi ya meno, aliipa jina la Mbuzi, kwa kuwa ilipanda mahali ambapo ng'ombe anasimama kufikiri kwanza. Ilipochakaa ikaja nyingine, nayo ikawa Mbuzi. Amechosha Mbuzi kadhaa, na hakuna hata moja iliyomchosha yeye. Katika miaka mibaya, alipokuwa akisimamishwa kwenye kila kizuizi na kila mwenye bunduki, alifungua sanduku la baridi, akaonyesha chupa ndogo za chanjo, akauliza kwa upole kama mtoto wa bwana mkubwa ameshachanjwa. Zaidi ya mara moja alichanja watoto pale pale kando ya kizuizi, halafu akaendelea na safari. Hilo hakulisimulia mwenyewe. Tulilisikia kwa wauguzi wa milimani.

Mtu wa pili katika habari hii ni Bilal Asani, fundi wetu wa garaji. Bilal ni mtoto wa Kalundu, bandarini. Watu wa ukoo wake wamefanya biashara ziwani tangu zamani, na yeye hajawahi kwenda mahali popote bila begi la pili. Humwita Mama "Yaya", kama tunavyomwita huku dada mkubwa, na heshima yake huishia hapo. Katika mambo mengine yote amempinga tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2022 meli ya mizigo kutoka Kalemie ilishusha Kalundu wazungu wawili wenye mvi, mume na mke, waliokuwa wakizunguka Afrika kwa pikipiki. Wapagazi wa bandari walizisogelea zile pikipiki kwa adabu, kama watu wanaomkuta kiboko amelala barabarani. Ya mume ilikuwa ndefu kwenda juu, ina kioo kikubwa mbele na masanduku ya bati pande zote mbili. Ya mke ilikuwa ndefu kwenda nyuma, imelala karibu na ardhi, inang'aa kila mahali, kiti chake kimezama, na usukani wake umepanuka kama pembe za ng'ombe wa Mulenge. Bwana alishikwa na homa kali akalazwa katika kituo cha afya, ukuta mmoja na Depo. Pale kitandani, wakati dawa inaingia mshipani, aliendelea kubishana na mke wake ni pikipiki ipi tamu kuliko nyingine. Lugha yao hatukuijua, lakini mikono yao tuliielewa kabisa. Alipopona, walirudi kwao kwa ndege na kutuachia pikipiki zote mbili kama shukrani. Ugomvi nao walituachia.

Majina yalipatikana asubuhi ya kwanza. Mama aliitazama ile yenye masanduku akasema, "Hii ni kabati." Bilal akaitazama ile iliyolala. "Na hii ni kitanda. Muntu anaenda kazini juu ya kitanda?"

Sote tulitegemea kwamba mwanamke wa Mbuzi atazidharau zote mbili. Ndivyo alivyofanya, mpaka siku moja mvua ilipoanza, akaombwa asogeze Kitanda chini ya paa. Ni hatua chache tu kutoka mlangoni. Aliondoka, akapotea, akarudi amelowa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Alionekana Kavimvira, upande wa pili wa mji. Alisema alikuwa akitafuta mahali pa kugeuzia.

Tangu hapo garaji haikupata amani. Kila asubuhi, kabla ya kazi, chai ilinywewa na kesi ikafunguliwa upya.

"Yaya, weye unakaa chini sana," Bilal alianza. "Unakula vumbi ya kila lori. Minye juu ya Kabati naona mbele ya lori. Upepo unapita juu ya kioo, mizigo iko ndani ya sanduku, mukono hauchoki. Nikitoka hapa mpaka Bukavu nafika shati iko bado na pasi."

"Na unafika bila kusafiri," Mama alimjibu. "Uko nyuma ya kioo kama samaki ya wazungu kwenye chupa."

"Kitanda yako ikikuta jiwe moja, itakaa juu yake kama kuku."

"Nitalizunguka. Minye niko na haraka ya nini?"

Halafu, siku moja, Mama aliweka kikombe chini. Alisema Mbuzi humtetemesha mpaka meno, na macho yake hayatoki kwenye njia, yanatafuta shimo. Kitanda hunguruma polepole, na mngurumo huo huusikia tumboni kama pumzi ya ng'ombe aliyeshiba. Miguu iko mbele, mgongo umeegemea, kichwa kiko huru. "Nimepita kando ya ziwa hii miaka yote," alisema. "Sikuwa nimeiona."

 Bilal aliosha vikombe, kazi ambayo si yake, na kesho yake akaanza upya.

Daktari Protais, mkuu wetu, ni mtu wa haki anayependa kimya. Mwezi wa nne wa mwaka 2023 alitangaza kwamba pamoja na Mbuzi tunaweza kutunza pikipiki kubwa moja tu, na ya pili itauzwa ili tupate friji. Akawatuma wote wawili Nyakabere na chanjo, kila mmoja juu ya pikipiki anayoitetea, waje waseme walichoona barabarani, naye ataamua. Walikubali wakiwa na uhakika sawa. Mama alipaka mafuta usukani wa Kitanda. Bilal alijaza masanduku ya Kabati vitu vya safari ya wiki nzima, ingawa Nyakabere ni kwenda na kurudi kwa siku moja.

Walifika Kiliba, katikati ya miwa, wakasimama kunywa maji. Hapo Bilal alimwambia Mama kwamba miguu yake mifupi haiwezi kugusa ardhi kutoka juu ya Kabati. Mama akamwambia kwamba yeye juu ya Kitanda atasinzia kabla ya Sange. Wakabadilishana pikipiki, kila mmoja ili amwaibishe mwenzake. Waliingia Nyakabere bila kusemezana, kama watu wawili walioonja chakula cha jirani, wakakipenda, na sasa hawajui watasema nini nyumbani.

Mkunga wa kituo, Gikundiro, alikuwa amesimama njiani akiwangoja. Hakuuliza habari ya chanjo. Ndani alikuwa na msichana anayeitwa Niyonsaba, mimba ya kwanza. Uchungu ulianza tangu jana yake, na mtoto alikuwa amelala upande tumboni. Bila upasuaji wangekufa wote wawili. Ambulansi ilikuwa imeitwa kutoka Uvira, lakini mvua ya milimani ilikuwa imebeba sehemu ya daraja muda mfupi baada ya Mama na Bilal kuvuka, na ambulansi yenyewe ilikuwa imezama kwenye matope ng'ambo ya mto.

"Moja kati ya hizi inaweza kubeba mama wa mimba?" Gikundiro aliuliza.

Niyonsaba aliletwa akiwa ameshikwa huku na huku. Kiti cha nyuma cha Kabati kilimfika kifuani, na masanduku yalimzuia kuinua mguu. Alijaribu mara moja akaanza kulia. Mama alimtazama Bilal. Mwaka mzima alikuwa akisubiri siku ambayo Bilal atakosa jibu, lakini sasa hakutaka alikose hata kidogo.

Bilal hakungoja kuulizwa. "Apande Kitanda," alisema. "Na weye ndiye utaendesha, Yaya. Minye sijui kwenda polepole."

Walimkalisha Niyonsaba kwenye kile kiti kilichozama, mgongo wake kwenye chuma cha nyuma kilichofungwa kitenge. Mama alichukua mikono yake akaiweka kiunoni mwake. "Ushike hapa. Ikianza kuuma, ubane. Usiseme kitu. Minye nitasikia, nitasimama."

Ndivyo walivyoondoka. Kila uchungu ulipokuja Niyonsaba alibana, Kitanda kikasimama, Mama akahesabu pumzi pamoja naye, wakaendelea. Nyuma yao Bilal alimbeba Gikundiro na mfuko wake wa vifaa. Bilal, ambaye hajawahi kufuata mtu barabarani bila kumpita, siku ile alifuata.

Darajani vijana walikuwa wametandika mbao. Watu walipita, baiskeli zilipita, Kabati haikupita kwa sababu ya masanduku yake. Bilal alitoa funguo zake, akayafungua yote mawili kutoka ubavuni mwa pikipiki, akamkabidhi mama mmoja aliyekuwa akiuza miwa kando ya njia, akaondoka bila kugeuka. Gikundiro anaapa kwamba aligeuka mara mbili.

Zamu ya Kitanda ilipofika, Niyonsaba alishuka akavuka kwa miguu, akiwa katikati ya Gikundiro na mwanamke mwingine wa pale. Mama alipanda mbao peke yake. Katikati ya mto tumbo la Kitanda likagota kwenye ukingo wa ubao, gurudumu la nyuma likazunguka bure, na pikipiki ikakaa pale juu kama kuku. Bilal alikuwa ameitabiri picha hiyo kila asubuhi kwa mwaka mzima. Sasa alikuwa nayo mbele yake, na mashahidi wengi. Aliingia majini mpaka kiunoni, akaweka bega lake chini ya ile pikipiki, akawaita vijana, wakainua. Ilichukua muda. Maji yalikuwa yanavuta. Mama alikuwa juu, ameshika usukani kwa nguvu zote, na alisema baadaye kwamba alichokiona ni kichwa cha Bilal tu, kinazama na kutokea, na kila kilipotokea kilikuwa kinatukana wazungu.

Waliipita ambulansi na dereva wake, aliyekuwa bado anachimba matope. Waliingia hospitali ya Uvira jua lilipokuwa linashuka nyuma ya milima, na Niyonsaba akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Depo ilinituma na chai. Nilimkuta Mama kwenye benchi la nje, vidole bado vimekunjwa kama vimeshika usukani, nikamshikia kikombe. Kiuno chake kilikuwa kimevimba mahali alipobanwa. Bilal alikaa pembeni yake, suruali inachuruzika, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hawakuwa na la kubishania.

"Miaka yote nimebeba boksi," Mama aliniambia. "Boksi haina mikono, Sumaya. Ule mutoto amenishika kiuno, anaomba asikufe. Niliogopa. Sijaogopa hivyo hata kule juu kwenye vizuizi."

Tulikaa mpaka muuguzi akatoka. Niyonsaba yuko salama, alisema, na mtoto ni wa kike. Mama Nyirabagenzi alifunika uso kwa kitambaa chake. Bilal alisimama akasema anakwenda kutafuta masanduku yake, akatembea mpaka getini, akabaki pale amewapa watu mgongo. Uvumi unaozunguka mjini kwamba mtoto ameitwa Kitanda si kweli. Anaitwa Uwacu, na sasa anatembea.

Niyonsaba alipopata nguvu, Bilal alikwenda kumsalimia na machungwa. Nia yake haikuwa safi kabisa. Alifikiri kwamba mtu aliyesafirishwa katika hali ile ndiye shahidi bora kuliko wote. Akamuuliza, kwa ukweli wa roho yake, ile pikipiki aliyopanda ilikuwaje, na kama angepanda ile nyingine, anadhani ingekuwaje. Niyonsaba alianza kumenya chungwa.

"Nilifunga macho tangu Nyakabere," alisema. "Kwani zilikuwa mbili?"

Kwa hiyo Daktari Protais aliamua mwenyewe. Masanduku yalikuwa yamerudi salama, na ndani yake chanjo huingia nyingi. Kabati ibaki, Kitanda kiuzwe. Bilal alikuwa ameshinda. Mama hakupinga uamuzi. Ila kila asubuhi alikipangusa Kitanda kwa kitambaa chake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemwandaa binti kwenda kuolewa mbali.

Wanunuzi walikuja. Alikuja mfanyabiashara wa samaki, akaja mchungaji mmoja, akaja mjenzi wa barabara aliyekuwa na mkufu shingoni. Kila mmoja alipobonyeza kitufe cha kuwasha, Kitanda hakikuwaka. Bilal alikuwa akiinama, akisikiliza, akitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Iko na ugonjwa ya umeme," aliwaambia. "Wazungu pekee ndio wanaijua." Mnunuzi akishafika mbali, Kitanda kilinguruma vizuri kabisa. Baada ya miezi Daktari alichoka kutafuta wanunuzi, friji ikapatikana kwa njia nyingine, na Kitanda kikabaki mahali pake chini ya paa.

Nachukua nafasi hii kuijulisha ofisi kwamba ugonjwa ule ulikuwa waya mmoja mfupi, na waya huo ulikaa katika mfuko wa shati la Bilal kila mgeni alipokuja. Daktari, ukifika kwenye mistari hii tayari ni siku ya sherehe, wageni wameketi, na haitapendeza ukisimama. Nilipomuuliza Bilal kwa nini aliharibu ushindi wake mwenyewe, alijibu akiwa bado ameinama kwenye injini. "Kabati imeshinda, sawa. Sasa asubuhi nitabishana na nani?"

Kazi nyingine za Mama zinajulikana, na wengi mliokaa hapa mtazieleza vizuri kuliko mimi. Hapakuwa na mwanamke mwingine aliyepanda na chanjo milimani alipoanza. Leo Depo ina wanawake wanne waendeshaji, wote amewafundisha yeye, na kwa ombi la mchungaji wa Mulenge somo la kwanza ni kusimama. Vituo vya afya ambavyo zamani vilingoja dawa mpaka vikakata tamaa, sasa vinalalamika akichelewa asubuhi moja. Mume wake alifariki akiwa bado anajivunia kwamba yeye ndiye aliyemkalisha kwenye pikipiki. Mama hakuwahi kumsahihisha mbele ya watu kuhusu alichosahau kumfundisha.

Wiki iliyopita kamati ilikutana naye kumwambia zawadi yake. Tulikuwa tumekubaliana wote, hata Bilal, hata Daktari. Tulimpa Kitanda.

Alishukuru, akakataa. "Nakwenda kukaa Mulenge na ng'ombe zangu," alisema. "Kule juu njia ni ya Mbuzi. Kitanda itakuwa kitanda kweli, kuku zitataga mayai juu yake. Ibaki hapa, ibebe wamama wa mimba." Halafu akaangalia mikono yake. "Ila munipe siku moja. Nimepanda pikipiki miaka hii yote, sijapanda hata mara moja bila kutumwa. Nataka niipande bila boksi, bila mugonjwa."

Daktari Protais alimuuliza safari hiyo itakuwa ya nini, kwa kuwa mlinzi wa geti lazima aambiwe kitu.

"Ya raha," Mama alisema.

Basi mlinzi ameshaambiwa. Kesho, Jumamosi, jua likishapanda vizuri, Mama Nyirabagenzi ataondoka Kalundu na kufuata ziwa mpaka Kavimvira, na atageuka mahali atakapopenda. Bilal atakaa kiti cha nyuma na ameahidi kutofungua mdomo. Hatumwamini, lakini Mama amesema aje. Wafanyakazi wote wanaombwa wasimkabidhi dawa, bahasha, salamu wala mzigo wa aina yoyote wa kupeleka njiani.

Mama, asante kwa kila mlima uliopanda kwa ajili yetu na kwa kila mtoto aliyechanjwa kwa sababu ulifika. Ng'ombe zako zizae, magoti yako yapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Na kesho uende polepole kuliko ulivyowahi kwenda. Hakuna anayekungoja.